Ngoto Sita

12 Machi, Mafiga

Barua pepe imeingia saa kumi na dakika ishirini, nikiwa uani kwa Dennis napepeta mchele. Kanada wamenialika niombe ukaazi wa kudumu. Wamenipa siku sitini kukamilisha maombi. Nimehesabu papo hapo, vidole vikiwa na pumba: mwisho ni tarehe 11 Mei. Mimi nimewangoja miaka sita na miezi minne, wao hawawezi kuningoja hata masika iishe.

Nilidhani siku hii ikifika nitapiga vigelegele. Sikupiga. Nilimaliza kupepeta kwanza, maana mchele ukiuacha nusu, kuku wanakumalizia.

Dennis aliporudi kutoka shuleni nikamwonyesha simu. Ni mdogo wangu wa pekee, mwalimu wa darasa la tano, mtu asiyependa ugomvi hata wa kusikia redioni.

"Hongera, dada," akasema. Kisha akashusha sauti kama vile kuku wanasikia. "Ila kule juu usiwaambie kwanza."

"Kwa nini? Nimeiba?"

"Hujaiba. Subiri tu misa ya mama ipite."

Jioni nimenunua daftari hili, kurasa tisini na sita, ili niache kubishana na watu kichwani. Nibishane nao hapa.

14 Machi, kwetu, juu ya Langali

Misa ya mwaka mmoja tangu mama afariki. Tulitoka mjini saa kumi na moja alfajiri. Kuanzia Mzumbe barabara ni tope tupu, dereva alitushusha mara tatu tusukume gari. Nilisukuma.

Kanisa lilijaa. Padri alisema mama alikuwa mama wa wengi, na alisema kweli. Tulipotoka nikampigia goti mjomba Deogratias, kaka yake mama. Yeye ndiye mkubwa wa lukolo letu, ukoo wa upande wa mama, na kwetu Waluguru ardhi hupita huko, si kwa baba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Naona umewahi. Maiti ina mwaka mmoja tu."

Wengine walicheka, wengine wakatazama viatu vyao. Sikumjibu, tulikuwa mlangoni mwa kanisa. Namjibu hapa, na namjibu kwa tarehe. Mama alifariki Jumanne, akazikwa Alhamisi. Kibali changu cha kazi kilikuwa kimekwisha siku tisa kabla, na maombi ya kipya yako mezani kwa mtu nisiyemjua. Ningetoka Kanada wiki ile, pengine nisingerudi kazini, na kazi ile ndiyo iliyomtibu mama miguu miaka yote. Kwa hiyo nilimzika kwa simu, nimesimama katikati ya mistari ya matango ya watu, Dennis kainua simu yake juu ya vichwa vya waombolezaji. Niliona udongo na kofia ya mjomba. Kisha bando la Dennis likaisha.

Baada ya chakula nikashuka shambani. Shamba la mama ni ngazi kumi na nne zilizochongwa mlimani, nazijua tangu nabebwa mgongoni. Kumi na mbili zina maharage. Mbili za chini zina kabichi, na kabichi si zetu. Ni za Irene, binti wa mama mdogo, tunayepakana naye. Nimehesabu mara mbili. Mwaka mmoja tu tangu mama aondoke, na mpaka umeshaanza kutembea!

15 Machi

Mvua tangu alfajiri. Irene amenipita njiani na kapu kichwani: "Umeamkaje, dada?" Meno yote nje. Nimemjibu kwa kichwa.

17 Machi

Leo nimekwenda kwa mjomba kumweleza mpango wangu. Mpango ni huu. Miche arobaini na nane ya parachichi, iliyobebeshwa kikonyo cha mti mwingine ili izae mapema, iko kwenye kitalu kimoja Bigwa, naichukua mwezi wa nne mvua ikiwa imeshika. Mti unaanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Mimi nina miaka arobaini na moja. Nikirudi moja kwa moja nikiwa na arobaini na sita, miti iko kwenye nguvu zake na mimi bado nina magoti. Sikwenda Kanada kukaa, nilikwenda kutafuta. Nimeanza kama kibarua wa kuchuma matango, sasa nasimamia watu ishirini na saba kwenye kitalu nyumba kikubwa kuliko kijiji hiki, na hakuna aliyenishika mkono. Yote hiyo ni ili nije nilime changu.

Mjomba alikuwa barazani anachambua mbegu za maharage. Alinisikiliza hadi mwisho, hilo nimpe.

"Maharage, sawa," akasema. "Kabichi, sawa. Hata njegere. Mti, hapana."

"Hapana kwa nini, mjomba?"

"Mtoa ngoto hapandi mti."

Nikacheka, nikidhani ni utani. Ngoto anatoa mgeni, mtu anayelima ardhi ya ukoo usio wake. Kila baada ya mavuno anapeleka kapu la maharage au kuku kwa mkubwa wa ukoo, kukiri mbele ya watu kwamba ardhi si yake. Na kweli mtu wa ngoto hapandi mti, maana mti unaishi kuliko mtu, na kesho wanawe watasema shamba ni lao. Hayo nayajua tangu utoto. Lakini ngoto na mimi, wapi na wapi?

"Mjomba, mimi nimetoa ngoto lini?"

"Mara sita."

"Mara sita!"

Akaanza kuhesabu, kila mwaka anaweka haragwe moja pembeni mwa ungo. "Mama yako alipohamia Mafiga kwa Dennis kwa sababu ya miguu, shamba lilirudi mikononi mwangu. Mwaka ule baada ya mavuno ukaleta koti. Mwaka wa pili, buti. Wa tatu, redio. Wa nne, blanketi. Wa tano, tochi ile ya kufunga kichwani. Wa sita, saa. Kila mwezi wa saba, maharage yakishaingia ndani. Hukuruka hata mwaka mmoja. Nikasema moyoni, mtoto huyu kwenda mbali hakujamtoa adabu."

"Zile ni zawadi, mjomba! Nilikuwa nakushukuru!"

"Kwa lipi?"

"Kwa kunitunzia shamba."

"Ehee," akasema. "Na ngoto ni nini?"

Nimeondoka bila kuaga. Sijawahi kuondoka kwa mkubwa bila kuaga tangu nizaliwe.

18 Machi

Nimeamka na hasira ile ile, ila sasa ina hoja. Hoja ya kwanza: ngoto ni zao la shamba lenyewe, na makoti hayaoti Langali. Hoja ya pili: huo mwezi wa saba si wa mavuno, ni wa Hafidhi. Hafidhi ni mtu wa Msamvu anayeishi mji wa jirani na wangu kule. Huja nyumbani kila mwezi wa saba kwa sababu ndipo watoto wake wanapofunga shule, na ndiye hutubebea mizigo. Nimempigia ahakikishe.

"Kumbe miaka yote nabeba ngoto!" akasema, anacheka mpaka anakohoa. "Dada Paskalia, ungeniambia ningevaa kanzu."

Mimi sikucheka. Likizo ya watoto wa Hafidhi imenifanya mgeni kwenye shamba la mama yangu.

Nikamtuma Dennis ampigie mjomba apeleke hoja zote mbili. Jibu limerudi kabla ya mchana: kila mtu hutoa kinachoota anapoishi, kwetu kunaota maharage, kwake kunaota makoti.

Nimedai kikao cha lukolo. Mjomba amekubali bila kusita, kama mtu aliyekwisha kushinda. Baada ya Pasaka, tarehe 19 Aprili.

23 Machi, mjini

Polisi, alama za vidole vyote kumi, kwa ajili ya hati ya tabia njema. Askari ameniuliza nakwenda kufanya nini huko. Nimemwambia nimeshafanya. Zimebaki siku 49.

29 Machi, Mafiga

Jumapili ya Matawi. Dennis amengoja nishibe ndipo akaanza.

"Dada, mpe tu ngoto ya mwaka huu. Kapu moja la maharage. Ulime, yaishe."

"Nimpe? Niseme kwa mdomo wangu kwamba mama alilima miaka yote kwenye shamba la kuazima?"

"Mimi natafuta amani tu."

"Amani ya nani? Ungekuwa unanyang'anywa wewe ungeitafuta?"

Akaweka kalamu chini, alikuwa anasahihisha madaftari ya watoto. "Mimi sina cha kunyang'anywa, dada. Shamba la mama haliwezi kupita kwangu kwenda kwa wanangu. Wanangu ni wa ukoo wa Jesca. Linapita kwako. Na wewe..."

"Na mimi nini? Malizia."

Jesca, mkewe, akainuka ghafla kwenda kutazama mboga ambayo ilikuwa imeiva zamani.

Hakumalizia, kwa hiyo namalizia mimi. Na mimi sina mtoto. Nikifa, ngazi zote kumi na nne zinakwenda kwa Irene na mabinti zake watatu. Sasa nimezielewa zile kabichi. Irene hana haja ya kuniibia, anatakiwa kuningoja tu. Na mjomba anajiuliza miti ya kuzaa miaka arobaini naipanda kwa ajili ya nani. Naipanda kwa ajili yangu! Mtu akila parachichi alilolipanda mwenyewe, lazima awe na mrithi pembeni anamtazama?

5 Aprili

Pasaka. Mvua ilipiga bati la kanisa mpaka kwaya ikawa inafungua midomo tu. Mjomba alikaa viti vitatu mbele yangu, kavaa lile koti. Zipu bado nzima. Sikusali vizuri.

8 Aprili, Dar es Salaam

Vipimo vya afya, ndivyo wanavyotaka Kanada. Damu, mkojo, picha ya kifua. Daktari kasema mzima, presha tu imepanda kidogo. Nimemwambia hiyo ni ya ukoo.

Saa nane mchana simu ya Irene.

"Dada, mlima umeteremka. Ngazi ya tatu na ya nne zimekwenda na maharage yake."

"Nakuja."

"Barabara imefungwa. Utakuja na nini, na helikopta?"

11 Aprili, juu ya Langali

Gari liliishia pale udongo ulipokata barabara. Nimetembea saa mbili na nusu, na kila hatua nilikuwa natunga nitakachomwambia Irene.

Nimemkuta ngazi ya tatu na wanawake saba, wamesimama mstari, wanapokezana mawe. Walikuwa wameshainua ukuta hadi kiunoni. Mabinti zake wawili wanachomeka majani ya kushika udongo.

"Irene, nani amekwambia uguse shamba langu?"

Akajifuta uso kwa kiganja cha tope. "Mlima."

Wanawake wakacheka.

"Na kabichi zako kwenye ngazi mbili za chini? Nazo ni mlima?"

"Nazo ni mlima. Miaka mitatu iliyopita pale palikuwa mfereji, muulize yeyote hapa. Nilipajenga nina mimba ya Happiness, ya miezi saba. Nikamwomba mjomba nipande kabichi ili pakanyagwe, pasifunguke tena. Mama mkubwa mwenyewe alijua, nilikuwa nampelekea Mafiga kila nikishuka sokoni. Wewe ulikuwa wapi?"

"Kazini!"

"Na mimi hapa nacheza bao?"

Mama hakuwahi kuniambia. Au aliniambia na mimi nilikuwa nakimbilia zamu, sikumbuki, na kutokumbuka huko ndiko kumenikalia vibaya leo. Nimekunja suruali, nikaingia kwenye mstari. Nimepokea mawe mia mbili na sita. Niliyahesabu kwa sababu mtu akihesabu hawezi kulia.

Tulipokaa kupumzika nikamsimulia Irene habari ya ngoto sita. Alikuwa hajaisikia. Akaacha kutafuna.

"Na hivyo vitu viko wapi?"

"Kwa mjomba."

"Kwa mjomba yeye, au kwa mjomba wa lukolo?"

"Kwake yeye. Koti si alilivaa Pasaka?"

Akatikisa kichwa, akatazama ukuta. "Kikao ni tarehe 19?"

"Tarehe 19."

"Nitakuja."

Anaweza kuwa anakuja kuninyonga vizuri zaidi. Lakini ukuta ni mzuri. Sijawahi kusimamia watu wanaojenga hivyo.

12 Aprili

Mgongo! Miaka sita ya matango yanayoning'inia usawa wa macho imeniharibu.

19 Aprili

Kikao kilianza saa tano nyumbani kwa mjomba, mvua imekatika kidogo. Watu kumi na wanne. Dennis alikaa karibu na mlango.

Mjomba alifungua kwa sala, kisha akaeleza. Hakudanganya hata neno moja, na hilo ndilo lililonikera kuliko yote. Koti, buti, redio, blanketi, tochi, saa. Wazee wanaitikia. Hata mimi, nikisikiliza, niliona mtoa ngoto mzuri sana.

Mzee Ezekiel, binamu yake mama, akanigeukia. "Na hii karatasi ya kudumu tunayoisikia?" Nikamtazama Dennis, Dennis akatazama dari.

"Ni kweli, nimealikwa."

"Kudumu ni kudumu, binti. Sasa huku utadumu lini?"

Nikasimama. Nikawaambia nisikilizeni, maana hakuna hata mmoja aliyeniuliza karatasi hiyo inasema nini. Miaka mitano ina siku 1,826. Mwenye ukaazi wa kudumu wanamtaka akae kwao siku 730 tu katika hizo, asipungukiwe. Zinabaki siku 1,096, akae anakotaka, Langali ikiwemo. Kibali nilicho nacho sasa kina jina la mwajiri mmoja, nikimwacha sina kibali. Huyo mwajiri ananipa siku kumi na tano kwa mwaka, yaani sabini na tano kwa miaka mitano, na hizi wiki kumi nimezipigia magoti. "Sabini na tano," nikasema, "na elfu moja na tisini na sita. Ipi ndiyo karatasi ya kunipoteza?"

"Huyu angekuwa karani wa mnada," mtu akasema nyuma.

Lakini mjomba hakucheka. "Hesabu nzuri," akasema. "Hao unawapa siku mia saba na thelathini kwa sababu wamekuandikia. Dada yangu alipokufa hukumpa hata moja. Alikuwa na mtoto mmoja wa kike. Udongo wa kwanza nilitupa mimi, mzee mzima, nikigeuka kutazama njiani kama kuna gari linakuja. Nilijua haliji. Niligeuka hivyo hivyo."

Nami nikapiga kelele.

"Ni hiyo hiyo karatasi ya muda iliyonizuia! Ningekuwa na hii nyingine ningekuja siku ile ile, kwa miguu! Mnanifungia mlango, halafu mnaniuliza kwa nini siingii!"

Sauti ilinikatika. Ningependa kuandika kwamba haikunikatika.

Hapo Irene akainua mkono, kapiga kilemba cha Jumapili. "Shikamoo, mjomba. Nina swali dogo."

"Marahaba. Uliza."

"Ngoto ni ya nani?"

"Ya lukolo."

"Si ya mkubwa wa lukolo?"

"Mkubwa anapokea tu. Inaliwa na wote, toka enzi za bibi zenu. Swali gani hilo?"

"Basi mimi blanketi sijaliona," Irene akasema. "Miaka sita ngoto inaingia, na humu tuko kumi na wanne. Buti kavaa nani? Shangazi Joyce, ile redio wewe uliisikiliza?"

"Kupitia ukutani," akasema Joyce, mke wa mzee Ezekiel, na nyumba nzima ikaangua kicheko.

Irene hakucheka. "Mjomba, mimi sijasoma, nisaidieni. Kama vile ni ngoto, basi umekula ya ukoo peke yako miaka sita, na leo ndiyo siku ya kugawana. Mimi naanza na hilo koti, maana kuna baridi. Na kama ni zawadi ya mtoto kwa mjomba wake, vaa kwa raha zako, ila dada Paskalia si mgeni."

Mjomba alikuwa amelivaa. Akatazama mkono wake wa kulia, kisha wa kushoto, kama mtu aliyevalishwa akiwa usingizini. Nilimhesabia kimoyomoyo, nilifika ishirini na mbili.

"Ni zawadi," akasema.

"Mzee Ezekiel hasikii vizuri, mjomba."

"Nimesema ni zawadi!"

Nilitaka kufurahi, lakini mzee Ezekiel alikuwa amesikia vizuri kabisa na alikuwa na lake. Shamba ni la Paskalia, mti apande. Ila kila mwaka mguu wake uguse shamba. Mwaka mzima ukipita bila yeye, miti inakuwa ya Irene, na asije mtu kulia. Wote wakakubali, na mjomba alikuwa wa kwanza.

Kwa hiyo nanyi mna siku zenu za kunihesabia! Nilitaka kusema hivyo. Nikasema nimekubali.

Tukishuka nikamuuliza Irene kwa nini amenitetea, wakati kukaa kimya tu kungempa shamba.

"Nani kakutetea? Mimi kila mwaka nampelekea mjomba kabichi," akasema. "Leo wangesema makoti ni ngoto, kesho kabichi zangu zingekuwa nini?"

20 Aprili

Mvua. Nimelala saa kumi na moja mfululizo.

27 Aprili

Miche imepanda mlima kwa bodaboda sita, miche minane kila moja, imefungwa kama wagonjwa. Miwili imevunjika shingo. Imebaki arobaini na sita. Tumeipanda kwa siku mbili, mimi, Irene na mabinti zake. Tumebishana juu ya nafasi kati ya mti na mti, mimi mita saba, yeye kasema mlimani hapa mita saba ni za vitabu. Tumepanda kwa hatua zake. Nimezipima usiku kwenye hesabu zangu: sita na nusu. Zinatosha, na sitamwambia.

3 Mei, Mafiga

Nyaraka zote zimekamilika, siku nane zimebaki, na mkono hauendi. Nimempigia Hafidhi, yeye anayo karatasi hiyo tangu zamani.

"Mimi nilisema miaka mitano, nirudi," akasema.

"Na sasa?"

"Kumi na tisa. Usiniulize ilikuwaje, dada. Haikuwa siku moja ukasema ni leo ndiyo nimeamua."

Leo hakuwa anacheka. Nikamuuliza kama kwao Msamvu kuna aliyewahi kumpangia siku ya kurudi, akimwambia usipokuja tunachukua hiki na hiki. Akafikiri.

"Hapana," akasema. "Wao huniambia karibu tu. Karibu wakati wowote."

7 Mei

Fomu inauliza mkoa na mji ninaokusudia kuishi. Nimeandika ukweli, kule kwenye matango. Hakuna kisanduku cha kuandika "kwa sasa". Wameweka kisanduku cha majina yote niliyowahi kutumia, cha safari zote za miaka kumi, cha kazi zote hata ile ya kuuza karoti sokoni, na hawakuona haja ya kuweka hicho kimoja.

11 Mei

Umeme ulikatika saa nne asubuhi, siku ya mwisho! Jesca kanipa simu yake iliyokuwa na chaji. Saa tisa na dakika kumi alasiri nimetuma. Wamejibu kwa mashine kwamba wamepokea. Hawakusema asante.

Safari yangu ni kesho kutwa. Nilikuwa nafunga mzigo mjomba alipopiga, mara ya kwanza tangu kikao.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nimesikia leo ndiyo mwisho wa ile karatasi yako. Umepeleka?"

"Nimepeleka."

Nikasikia mvua ya kwake kwenye simu, huku Mafiga ni jua. Nilishajiandaa. Nilikuwa na majibu manne, yote makali.

"Nimepita shambani asubuhi," akasema. "Mmoja umelala, nimeusimamishia kijiti. Magugu yataanza kabla hujafika hata huko. Unakuja lini kupalilia?"

Novemba ndipo tunapong'oa matango ya zamani, kazi inapungua. Nikatazama kalenda ya Dennis ukutani.

"Tarehe kumi na nne Novemba. Jumamosi."

"Andika."

"Nimeandika."